Tone la Risasi Juu ya Jiwe Jipya

Nina picha mbili za Stonehenge, lile duara la mawe makubwa lililoko kusini mwa Uingereza, na kila ninapotaka kujikumbusha kwamba macho ni shahidi dhaifu huzifungua zote mbili kwa pamoja kwenye kompyuta. Ya kwanza ilipigwa mwishoni mwa karne ya 19. Jiwe refu kuliko yote limeinama vibaya, limeliegemea jiwe dogo lililo mbele yake kama mlevi aliyeshikilia bega la mwenzake. Upande wa magharibi mawe matatu mazito, mawili yaliyokuwa nguzo na moja lililokuwa limelazwa juu yake, yamejinyoosha kwenye nyasi pale yalipoanguka Januari 1797. Picha ya pili ni ya miaka ya karibuni. Jiwe refu limesimama wima, nguzo mbili zimerudi mahali pake zikiwa na mzigo wake kichwani, na katikati yake anga inaonekana kama kupitia mlango ulioachwa wazi.

Anayeitazama picha ya pili peke yake ataapa kwamba anaona kile kilichoachwa na watu wa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Kwa kiasi fulani hakosei, maana mawe ni yale yale. Namna yalivyosimama, hata hivyo, ni kazi ya karne ya 20. Siku ya mwisho ya mwaka 1900 jiwe moja la duara la nje lilianguka pamoja na lile lililokuwa juu yake, na mwaka 1901 mtaalamu wa madini William Gowland akapewa jukumu la kulinyoosha lile refu lisije likafuata. Lilifungwa kwa fremu ya mbao, likasogezwa taratibu hadi likasimama, kisha mguu wake ukazungushiwa zege. Mwaka 1919 na 1920 mawe mengine kadhaa yalinyooshwa na kutiwa zege vilevile. Mwaka 1958 kreni iliyainua yale matatu yaliyoanguka mwaka 1797, na mwaka 1964 likasimamishwa jiwe jingine lililokuwa limeanguka mwaka mmoja kabla.

Nilipoyajua haya kwa mara ya kwanza nilijiona nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa miaka mingi nilikuwa nimelisifu duara lile kwa kustahimili upepo na mvua, kumbe sehemu ya ustahimilivu huo ilichanganywa kwa koleo na ndoo. Hasira yangu ilipungua baadaye, niliposoma jinsi Gowland alivyofanya kazi. Alichimba eneo dogo tu, lile lililohitajika ili jiwe linyooke. Udongo aliutoa kwa tabaka, akauchekecha, akaandika kina cha kila kitu kilichopatikana. Kutoka katika shimo hilo zilitoka nyundo na zana za mawe, na kwa hizo aliweza kueleza jinsi mawe yalivyochongwa na kusimamishwa na watu waliotumia jiwe dhidi ya jiwe. Mtu aliyeitwa kuzuia ajali aliondoka akiwa ameandika kila alichokivuruga, na kuna wachimbaji wengi wa zama zake, waliopewa muda zaidi na eneo kubwa zaidi, ambao hawakuacha nusu ya kumbukumbu hizo.

Kuna tukio jingine la Stonehenge ambalo silichoki. Mwaka 1958, nguzo mojawapo ya zile zilizokuwa zikiinuliwa ilikutwa na nyufa. Mafundi waliitoboa kutoka upande mmoja hadi mwingine, wakapitisha vyuma vya kuibana, kisha midomo ya matundu wakaiziba kwa vipande vya jiwe la aina ile ile, yaani sarsen, ili asiyejua asione kitu. Mmoja wa watobozaji alichukua kipande cha mche wa jiwe uliotoka katika tundu, chenye urefu wa zaidi ya mita moja, akakihifadhi kwa karibu miaka 60. Alikirudisha mwaka 2018. Mwaka 2020 watafiti, wakitumia mche huo, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya mawe yale makubwa ilitoka West Woods, umbali wa kilomita 25 hivi upande wa kaskazini. Leo hakuna mtu ambaye angeruhusiwa kulitoboa jiwe lile, na ni haki asiruhusiwe. Hata hivyo, jeraha lililofichwa mwaka 1958 ndilo lililojibu swali lililokuwa limewasumbua watu kwa vizazi.

Tangu hapo swali la kama mnara fulani wa kale ni halisi au si halisi halinitoshi. Huwa nataka kujua aliyeugusa aliugusa kwa sababu gani, kwa kitu gani, na kama amekiri.

Hilo la pili, la kitu kilichotumika, nililijua kwa mikono kabla ya kulisoma popote. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi kama msaidizi wa fundi mwashi aliyepewa ukuta wa zamani wa mawe aukarabati. Chokaa kati ya mawe ilikuwa imelika hadi unaweza kuingiza vidole viwili, na fundi, aliyeujua uashi wa majengo mapya vizuri sana, aliamua tuikwangue yote na kujaza saruji kali. Tulikwangua kwa tindo kwa siku nyingi. Tulipomaliza, ukuta ulikuwa umenyooka na viungo vyake vinang'aa, na waliotuajiri walifurahi. Baada ya misimu michache ya mvua nilipita pale nikakuta mistari yetu ya saruji imechomoza kama mbavu za ng'ombe aliyekonda, na mawe yenyewe yamerudi ndani, nyuso zake zikibanduka kwa magamba. Nililigusa moja likaacha unga kwenye kiganja.

Sababu yake ni rahisi ukishaijua. Maji huingia ukutani hata ufanye nini, na lazima yatoke. Chokaa ni laini, ina vitundu vidogo, na unyevu hupumulia humo. Chumvi iliyoyeyuka kwenye maji hukauka ndani ya chokaa na kuitafuna chokaa, na baada ya miaka mingi fundi mwingine huja akaijaza tena. Saruji ngumu huufunga mlango huo. Unyevu hulazimika kutokea kwenye jiwe, chumvi hugeuka fuwele chini ya uso wa jiwe, nazo zinapokua husukuma ule uso nje. Waashi wa zamani walijua kwamba kiungo ndicho kinachopaswa kufa ili jiwe liishi. Sisi tuligeuza mambo, kwa nia njema kabisa na kwa malipo halali.

Kosa hilo hilo lilifanywa kwenye Sfinksi ya Giza, ile sanamu kubwa ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu. Katika miaka ya 1980 mwili wake ulitengenezwa kwa mawe mapya na saruji, na Februari 1988 pande kubwa la bega likaanguka. Miaka iliyofuata ilitumika kuondoa saruji hiyo na kurudishia mawe ya chokaa kwa mchanganyiko usio na saruji. Na tusisahau kwamba Sfinksi ni mgonjwa wa siku nyingi: Farao Thutmose IV, aliyetawala karibu mwaka 1400 KK, aliacha jiwe lenye maandishi kati ya miguu ya mbele, likieleza jinsi alivyoota ndoto ya kuiokoa na mchanga, na wakati huo sanamu ilikuwa tayari imepita miaka 1,000. Viraka vya mawe vya zama za kale vilivyobandikwa mwilini mwake leo ni mambo ya kale kwa haki yake. Sijui ni nani angethubutu kuving'oa kwa hoja kwamba havikuwapo siku ya kwanza.

Mahali ambapo mtu anaweza kuyaona makosa na masahihisho yakiwa yamesimama pamoja ni Parthenon, juu ya mlima wa Akropoli jijini Athens. Hekalu hilo lilikuwa karibu zima hadi Septemba 1687, wakati kombora la mzinga wa jeshi la Venice, chini ya Francesco Morosini, lilipoangukia baruti iliyohifadhiwa ndani yake. Kuta za pembeni na nguzo nyingi zilitawanyika. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi mwaka 1933 mhandisi Nikolaos Balanos alizisimamisha nguzo nyingi tena, na kwa muda mrefu alisifiwa. Aliunganisha vipande kwa vyuma, na ili vyuma vipate mahali pa kukaa alichimba mifereji ndani ya marumaru ya kale. Baadhi ya vipande alivirudisha mahali ambapo havikuwa vyake.

Ajabu ni kwamba wajenzi wa karne ya 5 KK nao walitumia vibanio vya chuma. Tofauti ni kwamba wao walimimina risasi iliyoyeyushwa, yaani ile metali laini ya kijivu, kuzunguka kila kibanio. Risasi huziba maji yasifikie chuma, na kwa kuwa ni laini, humeza mtikisiko kidogo ardhi inapotetemeka. Vyuma vyao vingi vilitolewa vikiwa vizima baada ya zaidi ya miaka 2,000. Vya Balanos havikuvishwa risasi. Maji yaliingia, chuma kikashika kutu, na chuma chenye kutu huvimba; hakuna marumaru inayoweza kumbishia chuma kinachovimba ndani yake. Nyufa zilianza kuonekana ndani ya miongo michache. Mwaka 1975 Ugiriki iliunda kamati ya kuhifadhi minara ya Akropoli, na sehemu kubwa ya kazi iliyofuata imekuwa kufungua kile kilichofungwa na Balanos, kutoa chuma chake na kuweka titani, metali isiyoshika kutu, tena kwa vipimo vilivyokokotolewa ili tetemeko likija titani ikunjike kabla marumaru haijavunjika.

Napenda kuangalia kwa karibu jinsi kipande kipya kinavyoungwa na cha zamani pale. Ukingo wa marumaru iliyovunjika hauna mstari hata mmoja ulionyooka. Una vilima, mabonde na meno. Njia ya haraka, ambayo zamani ilitumika bila kufikiria mara mbili, ni kuukata ukingo huo uwe bapa ili kipande kipya kikae vizuri. Ukifanya hivyo umetupa sentimita kadhaa za jiwe la kale ambazo hakuna atakayezirudisha. Mafundi wa Akropoli hawaugusi ule ukingo. Hutengeneza nakala yake kwa plasta, kisha kwa chombo chenye sindano ya kuhamishia vipimo hubeba kila kilima na kila bonde, nukta baada ya nukta, hadi kwenye pande jipya la marumaru kutoka mlima ule ule wa Penteli. Fundi hugonga kwa patasi na kupima, hugonga na kupima, hadi jiwe jipya liwe kinyume kamili cha uvunjikaji wa lile la zamani na viwili vikutane kama chanda na pete. Kazi ya kipande kimoja inaweza kuchukua miezi. Kwa mbali unaona nguzo nzima. Ukisogea unaona mpaka unaopinda kama mto kwenye ramani, upande mmoja rangi ya asali na upande mwingine mweupe kama chaki, na huhitaji mtu wa kukueleza nini kililetwa lini.

Wapo wanaolalamika kwamba weupe huo unaudhi, na kwamba kreni zimekaa juu ya mlima ule kwa muda mrefu mno. La kreni nawaunga mkono. La weupe siwezi, kwa sababu ndio unaoniruhusu kuiamini ile rangi ya asali.

Kanuni kwamba kipya kijitambulishe haikuwa wazi tangu mwanzo. Mwaka 1931 wataalamu walikutana Athens na kukubaliana masharti ya kutunza minara ya kale. Walikubali zege la nondo, wakashauri kwamba kazi ya kuimarisha ifichwe kila inapowezekana ili sura ya mnara isiharibike. Nikisoma hivyo siwacheki. Zege lilikuwa kwao kama kompyuta ilivyo kwetu, dawa ya kila ugonjwa, na hakuna aliyekuwa ameliona likizeeka. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 ulikaza kamba: urejeshaji unapaswa kukoma pale ambapo kukisia kunaanza, sehemu zilizoongezwa zipatane na jengo lakini zitofautishwe na za asili, na magofu yasijengwe upya isipokuwa kwa anastilosisi, yaani kuviunganisha tena vipande vya asili vilivyopo ambavyo vimetengana.

Knossos, kwenye kisiwa cha Krete, ilishajengwa wakati huo. Mwanaakiolojia Arthur Evans alianza kuchimba mwaka 1900, na kufikia miaka ya 1920 alikuwa anainua vyumba na nguzo nyekundu kwa zege, akifuata alichoamini kuwa ndiyo sura ya kasri la Waminoa, watu wa kale wa kisiwa hicho. Sasa zege la Evans lenyewe linahitaji matabibu, na limeshakuwa sehemu ya historia ya mahali hapo. Ukilibomoa utaharibu kilichomo chini yake, ukiliacha utaendelea kuwaonyesha watu ndoto ya mtu mmoja ikiwa imepakwa rangi. Sioni njia ya kutokea hapo, na nawashukuru wanaolitunza.

Newgrange, nchini Ireland, inanisumbua zaidi kwa sababu aliyehusika alikuwa mwangalifu. Ni kaburi kubwa la kilima lililojengwa karibu mwaka 3200 KK, lenye ujia wa mawe ambamo jua la asubuhi hupenya kwa dakika chache katika siku fupi kuliko zote za mwaka. Mwanaakiolojia Michael J. O'Kelly alichimba hapo kuanzia mwaka 1962 hadi 1975. Mbele ya kilima alikuta tabaka la mawe meupe ya kwatzi yaliyomwagika chini, akaamua kwamba ni ukuta ulioporomoka. Hakuamua kwa kubahatisha: ulijengwa ukuta wa majaribio, ukaangushwa, na mwanguko wake ukalinganishwa na kile kilichochimbwa. Ndipo ukajengwa ukuta mweupe ulio karibu wima, umeshikwa nyuma na zege lenye nondo, na ndio unaoonekana kwenye kila picha ya Newgrange leo. Wakosoaji wanasema mawe yale yangeweza kuwa yalitandazwa chini mbele ya mlango kama sakafu. Kule Knowth, umbali mfupi kutoka hapo, kwatzi ya aina hiyo imeachwa imelala chini, kwa sababu aliyechimba huko aliisoma hivyo. Makaburi mawili, mawe ya aina moja, usomaji tofauti, na vyote viwili vimejengwa kama uhakika.

Kukisia ni nusu ya akiolojia, kwa hiyo simlaumu O'Kelly kwa hilo. Kinachonikera ni kwamba makisio ya kwenye karatasi yanaweza kufutwa na mwanafunzi wake kesho, lakini makisio yaliyomiminwa zege yanakaa miaka 100 na kuzaa kadi za posta. Mgeni anayefika Newgrange hapewi makisio, anapewa ukuta.

Nafahamu kwamba si kila mahali uhalisi hupimwa kwa kipande. Hati ya Nara ya mwaka 1994, iliyotoka Japani, ilisema kwamba uhalisi wa urithi uhukumiwe ndani ya utamaduni wenye urithi huo, na mfano unaotajwa daima ni madhabahu ya Ise, ambayo hujengwa upya kila baada ya miaka 20 kwa mbao mpya na ufundi ule ule. Hoja hiyo ina uzito wake. Nasita tu kuihamishia kwenye jiwe bila kuuliza kwanza kama ufundi umeendelea bila kukatika, kwa sababu Ise ina maseremala waliorithishana kazi, na hakuna mtu aliyerithishwa kazi ya kusimamisha Stonehenge.

Mwezi Januari 2024 mjadala huu ulitoka vyumbani ukaingia mitandaoni. Mostafa Waziri, aliyekuwa mkuu wa Baraza Kuu la Mambo ya Kale la Misri, alionekana kwenye video akiwa mbele ya piramidi ya Menkaure, ndogo kati ya zile tatu za Giza, akitangaza mradi wa kuirudishia joho lake la matale, yaani mawe magumu ya graniti. Piramidi hiyo ilivishwa matale katika sehemu yake ya chini, safu 16 kwa hesabu inayokubalika, na chache tu ndizo zilizobaki. Mapande mengi yamelala miguuni pake. Watu walikuja juu. Mmoja aliuliza mnara wa Pisa utanyooshwa lini. Ilipofika Februari, kamati iliyoongozwa na mwanaakiolojia Zahi Hawass ilikuwa imeukataa mradi, kwa hoja iliyonifurahisha kwa ukavu wake: hakuna namna ya kujua pande lipi lilikaa wapi. Mengi ya matale hayo hayakuwahi hata kulainishwa, kazi iliachwa njiani tangu enzi za mafarao, na mikwaruzo ile ya kazi isiyokwisha ni ushahidi ambao joho jipya lingeufunika. Wangekuwa wanakamilisha kitu ambacho wenyewe hawakukikamilisha.

Baphuon, hekalu la karne ya 11 huko Angkor, Kambodia, lina kisa kinachokaribia kuwa kinyume chake. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Kifaransa walilifumua hekalu hilo lililokuwa likiporomoka, jiwe kwa jiwe, karibu mawe 300,000, wakayapanga msituni na kuandika kila moja lilikotoka. Vita vikaingia, kazi ikasimama, na kumbukumbu za kazi hiyo zikapotea Phnom Penh baada ya wapiganaji wa Khmer Rouge kuutwaa mji mwaka 1975. Kazi ilipoanza tena mwaka 1995, wahusika walikuwa na msitu uliojaa mawe yasiyojulikana yalikotoka. Mawe ya Baphuon hayana chokaa kati yake, kila moja lilichongwa likae na jirani zake tu, kwa hiyo kwa kupima umbo na nakshi waliyatafutia mahali pake, hadi mwaka 2011 walipomaliza. Upande wa magharibi kulikuwa na Buddha aliyelala, mwenye urefu wa mita 70 hivi, ambaye vizazi vya baadaye walimjenga kwa kubomoa sehemu za hekalu lenyewe. Kumrudisha Buddha ni kukubali ubomoaji. Kulirudisha hekalu la karne ya 11 ni kumfuta Buddha. Walimbakiza. Ningefanya hivyo pia, ingawa najua mtu anayependa usafi wa mitindo hatalala usingizi.

Nimekuwa nikizungukia Java muda wote huu. Katika mahekalu ya Java ya Kati, Prambanan na Borobudur, jiwe jipya linapowekwa mahali pa lililopotea hutiwa alama: katundu kadogo kanatobolewa usoni mwake na kujazwa risasi. Linabaki tone la kijivu lisilozidi ncha ya kidole. Ukisimama hatua kumi nyuma hulioni hata kidogo, ukuta ni mzima na nakshi zinaendelea. Ukiweka uso karibu na jiwe, lile tone linakuambia kwamba hili halikuwapo. Huko Prambanan waliongeza sharti jingine, kwamba hekalu dogo halisimamishwi tena mpaka angalau asilimia 75 ya mawe yake ya asili yapatikane, na ndiyo sababu marundo mengi kuzunguka mahekalu makuu yameachwa yalivyo. Hata Borobudur, ambayo kati ya mwaka 1973 na 1983 ilifumuliwa ngazi zake za chini na kuwekewa ndani zege na mifereji ya kutoa maji, kazi iliyogusa mawe zaidi ya milioni moja, hainipi ile hasira ya Stonehenge, kwa sababu ukitaka kujua kilichomo ndani yake michoro ipo.

Kabla ya kazi hiyo kubwa kulikuwa na nyingine, kati ya mwaka 1907 na 1911, iliyosimamiwa na mhandisi wa jeshi la Uholanzi, Theodoor van Erp. Katika udongo walipata vipande vya mwavuli wa mawe wa ngazi tatu, uitwao chattra, ambao inaonekana uliwahi kukaa juu kabisa ya stupa kuu, lile kuba la mawe lenye umbo la kengele. Van Erp aliujenga, akijazia sehemu zilizokosekana, akaupandisha kileleni. Picha zipo: Borobudur yenye ncha ndefu angani, ya kupendeza kwa kweli. Kisha akahesabu vipande vya asili vilivyomo humo, akaona havitoshi kumthibitishia kwamba sura ile ilikuwa kweli, akaushusha. Tangu hapo wametokea watu wanaotaka mwavuli huo urudishwe, na hoja zao hazikosi uzito, maana hekalu lile bado lina waumini. Vipande alivyovishusha van Erp vimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho papo hapo Borobudur, vimeunganishwa pale chini ambapo mtu anaweza kuvizunguka na kutofautisha kwa macho yake jiwe la kale na la kujazia, na huko juu stupa kuu imebaki na kilele kilichokatika.